Maji Safi Kupita Kiasi

Baba yangu alitumia maisha yake ya kazi kutoa uchafu ndani ya shaba. Alikuwa mtu wa maabara kiwandani. Kazi yake ilikuwa kupima kila kilichobaki ndani ya shaba ambacho si shaba, na kusema hapana mpaka kiondoke. Alipostaafu akahamia maji. Sisi wanawe tulidhani atafuga kuku kama wastaafu wengine wa mtaa wetu wa Bel-Air. Yeye akaleta tangi la kioo.

Lilikuwa refu kama meza ya watu sita, na likawekwa sebuleni pale palipokuwa na kabati la vyombo vya mama. Mama alihamishia vyombo chini ya kitanda na akalichukulia lile tangi kama mke mwenza aliyeletwa bila yeye kuulizwa. Alilipita bila kulitazama. Akifagia, alifagia mpaka miguuni pake, akaishia hapo.

Ndani kulikuwa na maji ya chumvi, samaki wanne wadogo, na matumbawe. Lubumbashi haina bahari. Chumvi ilitumwa na kaka yangu anayeishi Afrika Kusini, ndoo kwa ndoo, na baba aliikoroga kwa maji aliyoyachuja mwenyewe mara tatu, kwa sababu maji ya mji huu yamepita kwenye ardhi ya shaba, na shaba huua matumbawe. Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, mtu ambaye shaba ilimlisha, ikamsomeshea watoto na kumjengea nyumba. Nilimuuliza kama haoni kichekesho hapo. Akasema haoni.

Wageni wote walielezwa, wakitaka wasitake. Tumbawe linaonekana jiwe lakini ni mnyama. Ndani ya nyama yake inaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho, na mimea hiyo ikipata mwanga humpikia yule mnyama chakula. Kwa hiyo taa ni lazima. Lakini samaki wakila na kunya huacha vitu ndani ya maji, nitrati na fosfati, na vitu hivyo vikizidi, mwani hufunika kila kitu. Kwa hiyo usafi nao ni lazima. Wageni waliitikia kwa kichwa, kisha wakauliza kama samaki wale wanaliwa.

Matumbawe yenyewe yalitoka pwani yakapitia Zambia, na mimi ndiye niliyetumwa kuyapokea mpakani Mokambo, kwa kuwa nilikuwa na likizo na sikujua kukataa. Afisa wa forodha alifungua sanduku la baridi akaona mawe saba ndani ya mifuko ya maji.

"Hii ni mawe," akasema.

"Ni banyama, mukubwa."

"Nyama ya kula?"

"Hapana."

"Inatembeaka?"

"Hapana."

"Basi iko mawe." Alifikiri kidogo. "Lakini mu hii province mawe inatokaka. Haiingiaka."

Alitafuta karatasi ya mawe yanayoingia, hakuna. Akatafuta ya wanyama wasiotembea, hakuna. Foleni nyuma yangu ilianza kunung'unika. Mwishowe aliniandika kama msafiri mwenye mboga, nami nikarudi Bel-Air na mboga zangu magotini.

Katika yale saba, moja lilikuwa na nyama laini iliyokunjwakunjwa, kijani pembeni na zambarau katikati. Mama alisimama mbele ya tangi kwa mara ya kwanza, akaegemea fagio, akasema hicho ni kitambala, kile cha kufunga kichwani siku ya sikukuu, na kwamba yeye alikuwa na cha namna hiyo alipokuwa msichana. Tangu siku hiyo kiliitwa Kitambala. Tangu siku hiyo pia mama akaacha kulinunia tangi, akaanza kulilisha.

Hapo ugomvi ukaanza. Baba alikuwa na ratiba ya chakula, kidogo sana, mara moja kwa siku, na aliibandika ukutani. Mama alikuwa na kijiko cha chai na tomson, yule samaki wa bahari anayefika mjini amegandishwa ndani ya katoni. Kabla ya kumkaanga alikwangua nyama mbichi kidogo, akapanda kwenye kigoda, akaishusha polepole mpaka juu ya Kitambala. Kitambala kilifungua mdomo, naapa, kikameza. Jioni baba akipima maji alikuta nitrati imepanda.

"Nani aliweka chakula mu mayi?"

"Pengine samaki benyewe," mama alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akiyatwanga.

"Mayi inapaswa kuwa propre, bila buchafu."

"Beko na njaa. Unabafungia mu kioo, unabawashia taa mu macho sawa bapolisi, na kula haubape. Ile taa iko moto ya jiko. Sasa bapike nini kama hakuna bunga?"

Baba alichukua ndoo akabadilisha maji. Kesho yake mama alikwangua tomson nyingine. Waliishi hivyo kwa miaka, na sikumbuki hata siku moja ambayo mmoja wao alikubali kushindwa. Rangi za matumbawe wakati huo zilikuwa nzuri mno. Fundi mmoja aliyekuja kutengeneza televisheni alikaa akitazama tangi mpaka tukamkaribisha chakula cha mchana.

Mama alifariki mwanzoni mwa mvua, kwa ugonjwa wa moyo, ndani ya siku mbili. Kilio kilifanyika nyumbani, viti vya plastiki vikajaa uani. Shangazi yangu, dada yake baba, alileta yai la malakiti lililosuguliwa likang'aa, zawadi ya heshima kwetu, na akataka kulitia ndani ya tangi ili limfariji kaka yake. Malakiti ni jiwe la shaba. Baba aliuona mkono wa dada yake ukiwa juu ya maji, akaivuka sebule kwa mwendo ambao sijawahi kuuona kwa mzee aliyefiwa. Alilipokea yai kwa mikono miwili, akashukuru, akaliweka juu ya televisheni. Lipo pale hadi leo.

Kilio kilipokwisha, watu walirudi makwao na viti vikarudishwa kwa mwenyewe. Baba akapima maji. Sasa hakukuwa na mtu wa kumharibia kazi. Alichuja, akabadilisha, akachuja tena, na siku moja akaniita nije kuona.

"Zero," akasema. "Nitrati zero. Fosfati zero."

Aliisema kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia nikiwa mdogo, akirudi kazini siku ambayo shaba imetoka safi. Mama siku hizo alimpikia kuku. Mimi sikujua nimpe nini, nikasema hongera.

Alikuwa anaishi kwa chai. Niligundua kwa sababu kila siku saa kumi na moja, nikitoka kazini, nilifika Bel-Air na kapu. Ninaishi peke yangu karibu na ofisi, katikati ya mji, na kazi yangu ni kupiga mihuri kwenye karatasi za watu wenye haraka. Nilipika alfajiri, nikaibeba ofisini, nikaileta: bukari, ugali wetu, iliyofungwa kwenye kitambaa, sombe, kipande cha tomson. Nilipakua, nikaweka mezani mbele yake, nikasimama.

"Kaa," baba alisema.

"Nilisha kula, papa."

"Wapi?"

"Ku kazi."

"Basi iache. Mi nitakula."

Kesho yake niliikuta palepale, imefunikwa vizuri kwa sahani nyingine. Siku nyingi sana zilikwenda hivyo. Yeye kaa, mimi nilisha kula, na bukari inapoa katikati yetu.

Kwetu bukari huwekwa moja, katikati ya watu. Baba na mama walikula bakuli moja maisha yao yote ya ndoa, na baba hakumega kabla mkono wa mama haujafika. Nililijua hilo tangu utotoni. Lakini nilimwona kama mzee mkaidi tu anayenitesa, na hasira zilinipanda. Siku hizo nilikuwa na hasira na kila mtu. Sketi zilinipwaya nikazibana kwa pini, na mwenzangu mmoja ofisini akaniuliza kama nafanya rejimu ya kupunguza mwili. Nikamwambia aangalie mihuri yake.

Kisha matumbawe yakaanza kupauka. Yale yenye matawi yalikuwa ya kwanza, ncha zake zikawa nyeupe. Baba aliyachunguza kwa miwani miwili, akaamua kwamba maji hayana kosa, kwa kuwa yako zero, basi kosa ni la mwanga. Alimpigia simu kaka yangu, taa mbili zaidi zikaja. Akaziunganisha na betri za sola, maana umeme wetu huja ukipenda. Ukikatika, friji ilizima na redio ilizima, na matumbawe yaliendelea kuangaziwa. Tulikaa gizani, mimi na baba, tukiangalia mawe yenye taa nne.

Kadiri alivyoongeza mwanga ndivyo yalivyozidi kuwa meupe. Matatu yakafa. Kitambala kilikuwa bado hai, ila zambarau yake ilikuwa imekwenda, na nyama ilianza kujivuta kutoka pembeni mpaka ukauona mfupa. Baba aliongeza saa za taa.

Yeye naye alikuwa amebaki shingo. Nikampeleka zahanati. Muuguzi alimpandisha kwenye mzani, akasoma, akamshusha, akampandisha tena, akidhani mzani umekosea. Aliniita pembeni akasema mzee akiendelea hivi watamlaza na kumlisha kwa mshipa, na kwamba kwa umri ule wapo wanaolazwa hivyo wasirudi. Kaka yangu alisema kwenye simu tumpeleke Afrika Kusini. Baba alisema hawezi, matumbawe yanaumwa. Niliogopa. Nalisema wazi sasa kwa sababu siku ile sikumwambia mtu. Niliogopa kwamba nitazika mara mbili ndani ya mvua moja.

Jumapili iliyofuata nilitoka misa nikaenda moja kwa moja Bel-Air. Chakula cha Jumamosi kilikuwa mezani, kimefunikwa. Baba alikuwa kwenye kigoda mbele ya tangi, uso wake wa bluu kwa taa. Kwenye kapu nilikuwa na tomson mbichi ya kukaanga. Sikufikiri. Nilichukua kijiko cha mama kutoka kwenye droo, nikamkwangua yule samaki hapohapo mezani, nikamwomba baba kigoda. Aliinuka akanipa, kwa heshima, kama unavyompa mgeni kiti. Nikapanda.

"Utaharibu mayi," akasema.

"Iharibike."

"Iko zero."

"Papa, bile bintu binakufa. Zero yako njo inabiua."

Niliishusha nyama mpaka juu ya Kitambala. Hakikufungua mdomo. Nyama ikatua juu yake, ikakaa pale kama kitu kilichoanguka. Nikangoja, mkono umelowa mpaka juu ya kiwiko, shati la misa limelowa, na nikaanza kulia, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango wangu wa siku. Nililia kwa sauti. Baba aliniambia nishuke taratibu, kigoda kile kina mguu mmoja mbovu.

Nilipokuwa nimekwisha kulia na natafuta leso, Kitambala kilifunguka. Kidogo tu, upande mmoja. Nyama ikaingia polepole sana. Sote wawili tuliiona.

Baba alikwenda chumbani, akarudi na madaftari. Tabia ya maabara haikumtoka. Tangu siku ya kwanza ya tangi aliandika kila jioni, safu kwa safu, kwa mwandiko mdogo. Akakaa mezani akasoma. Mimi nilikwenda jikoni nikaosha vyombo kwa kelele, ili ajue kwamba hasira yangu haijaisha. Ilipita saa nzima ndipo aliponiita.

"Angalia hapa. Wakati ya mama yenu." Kidole chake kilishuka kwenye safu. "Zero iko wapi?"

Nilitafuta. Tano, nane, tano, kumi. Zero haikuwepo hata mahali pamoja.

"Na ku rangi, niliandika nini?"

Nikasoma. Nzuri. Nzuri. Nzuri sana.

Alifungua daftari jipya. Zero, zero, zero. Imepauka. Imepauka. Imekufa.

Akavua miwani. "Yeye alikuwa anatia, mi nilikuwa natoa," akasema. "Sasa yeye aliacha kutia. Mi sikuacha kutoa."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayesoma matokeo. Kisha akafunga daftari na kukaa na mikono juu yake. Roho iliniuma. Nilitaka kumshika bega, ila kwetu baba hashikwi bega ovyo, nikasogeza tu kikombe chake cha chai karibu na mkono wake.

Baadaye, kwa kuwa ni mtu wa maabara, alinieleza kosa lake kama vile lilikuwa kosa la mwanafunzi fulani. Taa ile kali inailazimisha mimea iliyo ndani ya tumbawe kufanya kazi, lakini ndani ya maji hakuna cha kufanyia kazi. Basi mwanga unageuka kuwa kitu cha kuunguza. Ukimwona mnyama mweupe ukamwongezea taa, unammalizia. Dawa ni kupunguza taa kwanza, kisha kulisha, na vyote viwili polepole, maana mwenye njaa ya siku nyingi hapewi sahani iliyojaa. Alizima taa mbili. Alikishusha Kitambala chini, kwenye kivuli cha jiwe. Akang'oa ratiba ukutani, akaandika nyingine: tomson, kijiko kimoja, Jumatano na Jumamosi. Nitrati ifike tano, isipite kumi.

Jioni ile nilipakua bukari, nikaweka mezani, nikasimama.

"Kaa," baba akasema.

"Nilisha kula."

"Ulikula nini?"

Nilifungua mdomo kumjibu. Asubuhi nilikunywa chai kabla ya misa. Jumamosi nilikunywa chai pia. Ijumaa ofisini mtu alileta maandazi, nikampa mwenzangu langu. Nilirudi nyuma kichwani siku kwa siku nikitafuta sahani, na baba alikuwa ananingoja bila haraka yoyote.

Nikakaa. Hakugusa chakula. Aliutazama mkono wangu mpaka nikanawa, nikamega, nikachovya kwenye sombe. Hapo naye akamega. Tulikula matonge manne manne, kisha akasema sombe imekosa chumvi. Ni kweli ilikuwa imekosa chumvi.

Tangu siku hiyo sikusimama tena. Kaka yangu aliacha kuulizia pasipoti ya baba. Muuguzi alimpima baba mara ya pili akasema mzani umepona. Kitambala kilikaa kivulini wiki nyingi bila kuonyesha shukrani. Kisha pembeni pakatokea mstari mwembamba wa kijani, na nyama ikaanza kurudi juu ya mfupa. Mwani nao ulikuja kidogo kwenye kioo. Baba aliufuta kila asubuhi akilalamika na kumtaja mama kwa jina, na nadhani alifurahi kuwa na la kulalamikia.

Jumamosi moja, mvua zikiwa zimekwisha, baba alikuwa kitandani na malaria, si kali, ila ya kutosha kumzuia kusimama. Alinituma nipime maji na kuandika. Nilitia matone kwenye kichupa, nikangoja, nikalinganisha rangi na kadi. Nikafungua daftari. Ile Jumapili nilikuwa nimesoma safu mbili tu, zile alizonionyesha kwa kidole. Sasa nilitafuta mahali pa kuandika, na nikaona kwamba mwishoni kabisa kuna safu nyingine isiyo na kichwa.

Ilianza siku ya pili baada ya kilio. Zero. Zero. Zero. Nilidhani ni yeye mwenyewe, mzee anajipima kama tangi, na nikacheka peke yangu. Kisha nikafika kwenye zile siku mbili nilizotumwa Likasi kikazi. Kwenye safu ile, siku zote mbili, aliandika: hayuko.

Baba hajatoka Bel-Air tangu mama afariki, ila kwenda zahanati. Ile safu ilikuwa yangu. Kila jioni aliponiambia kaa, nikamjibu nilisha kula, alikuwa anapima, na nikiondoka alikwenda kuandika. Aliziona pini kwenye sketi. Zero ziliteremka ukurasa mzima, zikavuka ukurasa wa pili, mpaka Jumapili ya tomson: nusu sahani. Jumatatu, nusu. Wiki iliyofuata, moja. Na kando yake, siku chache tu zilizopita, kwa mwandiko uleule anaoandikia rangi za Kitambala: rangi inarudi.

"Ngapi?" aliuliza kutoka chumbani.

Nikaangalia kadi tena. "Tano."

"Iko muzuri. Andika."

Nikaandika tano. Nikaandika fosfati na saa za taa. Safu ya mwisho niliiacha wazi kwanza. Nikaenda jikoni nikasonga bukari, nikaibeba mpaka kitandani kwake, tukala bakuli moja, yeye akiwa chini ya mablanketi mawili. Kisha nikarudi sebuleni, nikachukua kalamu yake, nikaandika moja.